Neno Ambalo Sikulitafsiri

Zaituna mwanangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi ulipokuwa unateka maji, kwa hiyo sizirudii hapa. Mambo ya safari nayo tumeyamaliza. Gari linaondoka alfajiri, vyeti viko kwenye mfuko wa mbele wa begi, Pemba utalala kwa bibi yako kabla ya kuendelea Nampula. Kwa hayo huhitaji barua. Sasa ni alasiri, umekwenda na mdogo wako Atija kuwaaga shangazi zako, na mimi nimebaki mezani na daftari lake la hesabu. Nimechana karatasi za katikati, atanisamehe. Nina jambo moja la kukuandikia. Wiki hii nimejaribu mara nne kulisema kwa mdomo, na mara zote nne nimeishia kukuuliza kama umekula.

Nilimsikia baba yako.

Siku ile kwenye mashamba ya mihogo ulisema, "Mama, Baba anaita," nami nikasema hakuna anayeita. Alikuwa anaita. Nilimsikia kama ulivyomsikia wewe, na sauti niliijua. Miaka mitano nimekwambia kwamba ulisikia milio ya risasi ukadhani ni mtu. Si kweli. Masikio yako hayakuwa na kosa siku ile, na sidhani kama yamekuwa na kosa siku yoyote baadaye.

Nimeyaandika haya mwanzoni kwa sababu najijua. Nikianza mbali, nitapata njia ya kuzunguka nisifike.

Lakini inanibidi nirudi nyuma kidogo, ujue mtu aliyekudanganya alikuwa mtu wa namna gani. Ulipokuwa mdogo, watu wa gesi walipoanza kujaa hapa Palma kutoka Msumbiji nzima na ng'ambo, wanawake wa bairro, mtaa wetu huu, waliokijua Kireno cha ofisini tulikuwa wachache. Kampuni moja iliyokuwa inaandaa mikutano ya vijiji ikanichukua niwe mkalimani. Unakumbuka kitambulisho nilichokuwa navaa shingoni, ulikuwa unakivaa ukicheza mwalimu. Vijiji vya Afungi vilikuwa vinahamishwa kupisha uzio wa mradi wa gesi, na katika kila mkutano kulikuwa na pande mbili zisizoelewana, na mimi nimekaa katikati.

Siku moja mwanamume mmoja alisimama. Akasema, "Mnatubeba kama kuku wa mnadani. Makaburi ya wazazi wangu nani atayafagia, nyinyi?" Nikawageukia wageni, nikawaambia kwa Kireno kwamba ndugu huyu anaomba maelezo zaidi kuhusu utaratibu wa makaburi. Wageni wakaitikia kwa kichwa, wakaandika. Mkutano ukaisha vizuri. Bosi wangu akanipongeza, akasema nikiwepo mimi hakuna fujo.

Baba yako alikuwa amekuja kunichukua kwa pikipiki, amesimama nyuma na mkoba wake wa bisibisi begani. Alikuwa ametoka kutengeneza friji kwenye hoteli mpya. Kireno chake kilikuwa cha mafundi, lakini kilimtosha. Tukiwa njiani akasema, "Yule mtu hakusema hivyo."

"Alikuwa na hasira. Angeharibu mkutano."

"Basi ulikuwa wake kuuharibu."

Baadaye akasema kwa kucheka, "Mimi usije ukanitafsiri." Nilimwona hajui ugumu wa kazi yangu. Niliendelea hivyo hivyo miaka mitatu, na nilikuwa mzuri sana. Neno kali likifika kwangu lilitoka upande wa pili limelainika, na niliamini kabisa kwamba ninasaidia watu.

Halafu vita vikaingia mjini.

Mengi unayajua, ulikuwepo, ulikuwa na miaka kumi na tatu. Nitaandika nilichokiona mimi tu. Tulitoka nyumbani wakati wa alasiri kama sasa hivi, nimembeba Atija mgongoni kwa kapulana, nimekushika wewe mkono. Baba yako alikuwa nyuma yetu na dumu la maji na begi la nguo. Aliamua kukaa nyuma mwenyewe. Tulipovuka nyumba za mwisho tukaingia mihogoni, risasi zilisikika upande wa kushoto, karibu, na watu waliokuwa pamoja nasi wakatawanyika. Nikakuvuta. Hatukukimbia mbali, labda hatua mia mbili, ndipo alipoita.

Aliita jina lako. Ulisimama. Nilihisi mkono wako umekuwa mzito. Ukaniambia Baba anaita, nikasema hakuna anayeita, twende. Akaita tena. Ulianza kugeuka, nikakushika kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia, zile alama ulizobaki nazo wiki nzima ni zangu. Akaita mara ya tatu, tukawa tumeshaondoka.

Niliwaza nini? Watu hudhani saa kama ile mtu hawazi. Mimi niliwaza vizuri kabisa. Niliwaza kwamba ameumia, kwa maana mtu mzima haiti kwa sauti kubwa namna ile penye maadui. Niliwaza kwamba nikirudi, nitarudi na mtoto mgongoni na mtoto mkononi, kwa mtu nisiyeweza kumbeba. Nikachagua. Kuchagua kule sikuandikii nikiomba radhi, kwa sababu sijui kama ningechagua vingine hata leo. Ninachokuandikia ni kile nilichokifanya baadaye, nikiwa nimekaa salama, na muda wa kufikiri ninao.

Tulipofika Nhica do Rovuma siku ya tatu, miguu imevimba, tulipumzika kwenye kibaraza cha watu pamoja na wanawake wengine wa Palma. Ukaniuliza mbele yao, "Mama, mbona tuliondoka na Baba anaita?" Wale wanawake waliacha kuongea. Waliniangalia. Nikasema, "Hakuita, Zai. Zilikuwa risasi. Ulikuwa na hofu." Ukasema, "Alisema jina langu." Nikasema, "Hofu hufanya hivyo."

Ingekuwa uongo wa siku moja, ningeufuta. Lakini tulipofika Pemba kwa bibi yako, yeye aliuliza kabla hata hatujakaa, "Mwanangu mmemwacha wapi?" Nikasema tulipotezana kwenye vurugu, sikumwona wala sikumsikia tena. Ulikuwa umekaa mkekani, unaniangalia mdomo. Bibi yako akalia, na mimi nikalia, na machozi yangu yalikuwa ya kweli. Wewe hukulia. Tangu siku ile neno lile halikuwa langu peke yangu. Bibi alilirudia kwa majirani, majirani wakalirudia kwenye hitima habari za kifo chake zilipofika, na kila aliyelirudia alikuwa anakwambia wewe kwamba hukusikia ulichokisikia.

Shuleni Pemba ndipo ulipoanza. Mwalimu akiita majina asubuhi, ulikuwa huitiki. Ulikuwa unamgeukia mwenzako wa dawati unamuuliza, "Kaniita?" Akisema ndiyo, ndipo unaitika. Mwalimu akadhani huna usikivu mzuri, akanituma nikupeleke hospitali. Tulipanga foleni tangu asubuhi. Mpimaji akakuvisha vile vya masikioni, akakuambia uinue mkono kila ukisikia mlio. Mlio ulilia, nikausikia hata mimi kwa mbali, na wewe ukanigeukia kwanza, unaniangalia usoni kuona kama kweli umelia, ndipo ukainua mkono. Kila mlio hivyo hivyo. Mpimaji akacheka kidogo, akasema mtoto ana masikio ya paka, tatizo liko kwingine. Mimi nilijua liko wapi. Nilikununulia mandazi, tukarudi nyumbani.

Sasa nakuja kwa yule daktari kijana wa saikolojia, tuliyekuwa tunamwita Doutora. Alitoka Maputo, alikuwa anawahudumia watoto waliokimbia vita katika lile hema kubwa jirani na shule. Hakujua Kiswahili wala Kimwani. Wakalimani walikuwa hawatoshi, na alipojua kwamba mimi mwenyewe ni mkalimani, alifurahi sana. Aliuliza kama hakuna ubaya mama kumtafsiria mtoto wake. Aliuliza vizuri, akanieleza kwamba pengine mtoto atakuwa na mambo asiyotaka mama ayasikie. Nikamwambia sisi hatufichani.

Siku ya kwanza alikuuliza ni kitu gani kinakusumbua zaidi. Ulichezea kwanza ukosi wa shati. Kisha ukasema, na maneno yako ninayo kichwani yote, "Mwambie kwamba Baba aliniita. Aliita mara tatu. Mama alisikia, lakini anasema hakuna aliyeita."

Doutora akaniangalia, kalamu mkononi.

Nikamwambia kwa Kireno, "Anasema ana saudades nyingi za baba yake."

Saudades, hamu ya mtu uliyemkosa, ni neno ambalo hata mtoto asiyekwenda shule analijua, limejaa kwenye nyimbo za redio. Na wewe ulikuwa darasa la saba. Ulinigeukia. Nilidhani umenigeukia kwa sababu umechoka. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba ulielewa nilichokifanya, palepale, umekaa kwenye kiti cha plastiki.

Doutora akakujibu kwa upole kuhusu kumkumbuka mtu aliyekufa. Akakufundisha kupumua kwa kuhesabu. Wiki iliyofuata akaleta karatasi na rangi, umchore baba yako akiwa na furaha. Ukachora friji. Akauliza maana yake, ukasema "Friji," nikatafsiri friji. Kila wiki maneno yako yalipungua. Wiki ya sita ulikuwa unajibu "Nzuri" kwa kila swali, hata alipouliza umelala saa ngapi. Alikuwa anatibu jeraha nililomchorea mimi, na wewe ulikuwa umekaa mbele yake na la kwako.

Siku ya mwisho, kabla hajahamishwa, alinibakiza peke yangu. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Mama, nimeshindwa kumfikia huyu mtoto. Sijui ni wapi ninapokosea. Naomba unisamehe." Nikamshika mkono, nikamwambia asijali, watoto ni wagumu. Nilimwacha aombe radhi, Zaituna. Alikuwa binti wa watu, pengine ana miaka sita tu zaidi ya uliyo nayo wewe leo, akaondoka anaamini hajui kazi yake.

Baada yake tulizunguka sana, na kila tulipofika mimi ndiye niliyesimulia. Mwalimu wa chuo cha Kurani pale bairro alikuandikia kombe, ukanywa siku saba, akakusomea. Aliuliza sauti unayoisikia ni ya nani, nikasema ya marehemu. Mtu akiambiwa hivyo atafanya nini? Alifanya anachokijua, kwa nia njema. Hospitali nako nilimwambia daktari kwamba binti anasikia sauti ya marehemu ikimwita. Aliandika, akatoa vidonge. Mimi nilikuwa nimelichukua jambo lililotokea kweli, mchana kweupe, nikalifanya ugonjwa, na wao wakautibu ugonjwa huo kama ulivyoelezwa. Ulinenepa uso. Mikono ilitetemeka ukishika kalamu. Ulikuwa unalala darasani, na mwaka ule ukarudia darasa. Siku moja uliniambia, "Mama, hizi dawa haziniondolei kitu, zinaniondoa mimi." Nikakwambia uvumilie.

Wala usidhani vidonge ni vibaya. Mama Rabia wa nyumba ya pili vilimtoa kitandani. Lakini yeye alisema mwenyewe kinachomuuma, kwa mdomo wake.

Tuliporudi Palma ndipo ukampata Dona Celestina, tabibu wa afya ya akili. Wewe unamjua zaidi kuliko mimi, lakini kuna mambo mawili kati yangu na yeye ambayo hukuyaona.

La kwanza ni la siku ile ya mwanzo. Nilivuta kiti nikae karibu yako, nikamwambia kwamba mimi ndiye nitakayetafsiri. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha Newala, alikokulia wazazi wake walipokimbilia Tanzania, "Hapa hakuna cha kutafsiri, mama. Mimi na binti tunaelewana. Wewe kaa barazani." Nilikaa barazani saa nzima, nimeinamia sakafu. Nilisikia sauti yako kupitia dirishani, si maneno, sauti tu, na ilikuwa ndefu. Sikuwa nimekusikia ukiongea kwa urefu ule tangu Nhica. Nikaogopa.

La pili ni la miezi mitatu baadaye. Aliniita peke yangu, akafunga mlango. Akasema, "Binti anasema baba yake aliita. Wewe ulikuwepo. Aliita au hakuita?"

"Mtoto alikuwa na hofu sana siku ile, Dona."

"Sikukuuliza habari ya hofu."

Akaweka kalamu mezani. "Nisikilize. Kama hakuita, basi nina mtu anayesikia visivyokuwepo, na nitaendelea na dawa. Kama aliita, nina mtu aliyesikia kweli akaambiwa hakusikia. Hizo ni njia mbili mbali kabisa. Niambie nishike ipi."

Mwanangu, mlango ulikuwa umefunguliwa namna ile. Hakuna wanawake wa Nhica, hakuna bibi yako. Mtu mmoja tu, ametoka bara, hana undugu na sisi, anauliza kwa lugha yetu. Nikasema, "Hakuita."

Akaniangalia kidogo. "Haya," akasema, akaandika. Ukanywa vidonge mwaka mwingine mzima.

Naweza kukueleza kwa nini nilidanganya Nhica, na kwa bibi yako, hata mbele ya Doutora. Kwa Dona Celestina siwezi. Nimelitafuta jibu, sina. Nadhani uongo nao ukikaa sana hugeuka kuwa mahali unapoishi, na mtu hatoki nyumbani kwake kwa kuulizwa swali.

Kilichonitoa ni simu. Mwezi uliopita tulikuwa uani tunachambua choroko, simu yako ikalia. Ilikuwa chuo cha Nampula. Ulisikiliza, uso umekaza, kisha ukaiondoa sikioni ukanipa. Ukasema, "Sikiliza wewe, Mama. Wamesema jina langu?"

Nilisikiliza. Mwanamke wa upande wa pili alirudia jina lako lote, jina la baba yako na la babu yako, akasema umepata nafasi ya kusomea upimaji wa ardhi. Nikakwambia, "Wamesema." Ndipo ukacheka. Ulikuwa umeitaka nafasi hiyo tangu ulipowaona wapimaji wa Afungi na vile vyombo vyao vya miguu mitatu. Miaka kumi na minane unayo, habari njema kuliko zote imekuja sikioni mwako, na hukuweza kuipokea mpaka nikuthibitishie mimi. Mimi kati ya watu wote. Nilirudi kwenye choroko zangu na nikawa nawaza kitu kimoja: Nampula utamuuliza nani?

Asubuhi yake nilikuwa mtu wa kwanza mlangoni kwa Dona Celestina. Sikukaa. Nikamwambia, "Aliita."

Akafungua faili lako, akalipitia karatasi moja moja, akalifunga. "Mwaka mzima," akasema. Hakupaza sauti. Heri angepaza. Kisha akaniambia kwamba dawa hazitaachwa ghafla, atazipunguza kidogo kidogo, na kwamba atamwandikia mwenzake wa Nampula aendelee. Nikauliza kama sasa utapona. Akasema, "Sijui. Amekaa miaka mitano bila kuyaamini masikio yake. Hilo nalo ni jeraha, na hilo halikufanywa na vita." Nilipogeuka kuondoka akasema, "Kwangu umeshasema. Lakini si mimi niliyeambiwa sikusikia."

Ulipomuuliza kwa nini kidonge kimekatwa nusu, najua alikujibu umuulize mama yako. Hukuniuliza. Nilikuona ukiniangalia wakati wa chakula siku hiyo, ukaangalia sahani. Pengine ulikuwa unanipa nafasi. Pengine ulikuwa umechoka kuniuliza mambo. Sijui ni lipi, na sina haki ya kulichagua linalonifaa.

Sasa limebaki lile lenyewe. Wewe ulisikia jina lako tu, ndivyo ulivyomwambia kila mtu. Wewe ulikuwa unasukumwa mbele, Atija alikuwa analia. Mimi nilikuwa nimegeuza kichwa mara ya tatu alipoita, na nilisikia yaliyofuata baada ya jina. Mimi peke yangu ndiye ninayeyajua.

Alasiri hii yote nimekaa na karatasi hizi nikijaribu kukuandikia kwamba alisema "Kimbieni." Ingekuwa rahisi. Ungelilia neno hilo mara moja, ungetulia, ungemfikiria baba aliyewasukuma watoto wake mbele. Ninajua kabisa jinsi ya kuiandika sentensi hiyo, nimefanya kazi hiyo miaka. Nimeiandika mara moja, karatasi ile nimeichana.

Hakusema kimbieni. Alisema, "Zaituna, nisubirini."

Ndivyo alivyosema. Aliita kwa nguvu, lakini kwa namna yake ya kawaida, ile ya mtu aliyechelewa kufunga mlango na wenzake wametangulia. Hakulia. Hakulalamika. Alidhani tutasubiri. Wale waliomzika kando ya shamba walinionyesha mahali tuliporudi, nawe umefika pale, si mbali na tulipokuwa. Hakuwahi kwenda popote.

Na mimi ninamsikia bado. Si kila siku. Majirani wakiwaita watoto wao warudi ndani jioni, ninaacha ninachokifanya. Sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu nilikuwa nimeshasema hakuna sauti. Kwa hiyo ndani ya nyumba hii tulikuwa wawili tunaoisikia, na mmoja anamwambia mwenzake kwamba ni mgonjwa.

Sikuombi unisamehe. Ukiombwa utajiona unapaswa kujibu, na umejibu maswali yangu ya kutosha. Ninataka tu kukwambia nilichojifunza kwa kukuharibia. Wale waliojaribu kukusaidia wakashindwa, hawakushindwa kwa sababu wewe huponyeki. Hawakukutana na wewe hata mara moja, walikutana na maelezo yangu. Kwa hiyo ukifika kwa huyo mtu wa Nampula, na ukaona anajibu kitu ambacho hukusema, mwambie. Akiendelea, mwambie tena. Akishindwa yeye, tafuta mwingine, na usiruhusu mtu yeyote anayekupenda akae katikati yenu na kukusemea. Ukitaka, mpe barua hii. Kama hajui Kiswahili, isomewe na mtu asiyenijua.

Kesho jioni utakuwa kwa bibi yako. Atakuuliza habari za baba yako kama anavyouliza kila mara, kwa sababu ni mwanawe. Mpaka leo umekuwa ukinyamaza kwa ajili yangu. Usinyamaze tena kwa ajili hiyo. Ukitaka kumwambia, mwambie yote, na neno la mwisho pia. Ukiona huwezi, nitakwenda Pemba mimi mwenyewe mwezi ujao, nikae mkekani kwake, nimwambie. Ninajua hatanipokea tena baada ya hapo. Shangazi zako nao pia.

Nilikusudia kuiweka barua hii chini ya vyeti vyako, uikute Nampula, mbali, mimi nikiwa sipo. Hata kabla sijamaliza kuiandika nilikuwa nimeshakifungua kile kimfuko cha begi. Lakini ingekuwa ni kukuacha tena uende mbele peke yako na jambo ambalo ninalijua mimi.

Nawasikia mnaingia uani. Atija anaomba maji. Nakupa barua hii mkononi, leo, kabla jua halijazama, nami nitakaa hapa hapa mezani mpaka uimalize. Ukitaka kuniuliza, uliza, nitajibu ulichouliza. Na kesho, kama utataka nikusindikize mpaka kwenye gari au nibaki ndani, utaamua wewe.

Mimi mama yako, niliyekuwepo na niliyesikia.